Sauti ya Kaka, kwa Zamu

"Harudi," Baba alisema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye upande wa pili wa barabara.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, spika ndogo zimechomekwa masikioni, waya mweusi umeteremka kifuani hadi kwenye kimashine cha rangi ya fedha alichokishika kwa mikono yote miwili. Sisi watatu, Mama, Shangazi na mimi, tulisimama mbele yake tukimtazama mdomo. Chumba kilikuwa kimya, na kimya hicho ndicho kilichonitia wasiwasi, kwa sababu sauti ya Kaka haikuwahi kuingia nyumbani kwetu bila kila mtu kuisikia, pamoja na jirani tuliyepakana naye ukuta.

"Harudi vipi?" Mama akauliza.

Baba hakumsikia. Aliinua kidole kumwambia angoje, akakunja uso, akatabasamu, akakunja uso tena. Mwishowe alizivua spika na kumkabidhi dada yake.

"Hata hakuanza kwa salamu," alisema. "Kaanza katikati tu, kama mtu anayedai chake. Kasaini mkataba, kapewa usimamizi, harudi. Kijana kaharibika."

Shangazi akazivaa. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa yamelowa. "Mbona katusalimia wote, mmoja mmoja? Tena salamu ndizo alizomalizia. Na anarudi, kaka yangu. Mwisho wa mwaka tutamwona mlangoni, kasema mwenyewe."

Baba akamtazama dada yake kama anavyomtazama siku zote akitia chumvi kwenye habari za msibani au za harusini. Mama hakumtazama yeyote. Alinyoosha mkono kuchukua spika. Alikuwa na swali moja tu duniani, na watu wawili anaowaamini walikuwa wamemjibu majibu mawili.

Watu wakijua kwamba zamani niliuza muziki dukani, huniuliza kwa nini vile visahani havikushika. Wanavikumbuka kwa mbali: kisahani kidogo kinachong'aa, kimefungiwa ndani ya ganda la plastiki, unakisukuma kwenye mashine ya mfukoni na sauti inatoka safi kama maji ya kisima. Huwajibu kama muuza duka. Vilikuwa ghali. Vilichelewa. Simu zilikuja zikavimeza vyote, visahani na kaseti pamoja. Wanaridhika, wanaenda zao. Mimi mwenyewe sijawahi kuridhika, kwa maana nilikiona kitu hicho kikishindwa sebuleni kwetu, na hata leo sijui vizuri kilichoshindwa ni kitu gani.

Kaka alikuwa fundi wa lifti katika mji wa mbali, mji wa maghorofa. Alipoondoka alimwambia Mama anakwenda kutafuta maisha mara moja tu na kurudi, na hiyo mara moja ikawa ndefu. Kila mwenzake alipokuja likizo alituletea kaseti. Tulikuwa na desturi yetu. Baba ndiye aliyebonyeza kitufe cha redio. Sote tulikaa, chai imemiminwa, na Kaka alizungumza huku Baba akimsimamisha kila mara ili amjibu. "Mguu gani huo unaokuuma? Umeenda hospitali?" Anarudisha kanda nyuma, tunasikia tena habari za mguu, Shangazi anatoa dawa, Mama anacheka. Tulizungumza na redio mpaka jirani akadhani tuna mgeni.

Upande wa kwanza ulikuwa wa Kaka, upande wa pili ulikuwa wetu. Tulimjibu kwa ukubwa: Baba, kisha Shangazi, kisha mimi, na Mama wa mwisho, kwa sababu alipenda kukusanya yale wengine waliyoyasahau. Kaseti ilikwenda na kurudi hadi ikaanza kukwaruza, na hata mikwaruzo yake tuliijua.

Halafu ndipo kikaja kile kimashine cha rangi ya fedha, kisahani kimo ndani. Mwenzake Kaka aliyekileta alikuwa na haraka, teksi ilimngoja nje. "Amesema hii ndiyo ya kisasa," alituambia. "Haijikunji, haikatiki, haichakai. Sauti yake yote imo humu. Mnabonyeza hapa tu." Akatuonyesha kitufe kimoja, akaaga.

Mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Mwenye duka nililofanyia kazi, tuliyemwita Besi kwa sababu hakuna wimbo ambao hakutaka kuuongezea besi, alikuwa ameagiza katoni nzima ya visahani hivyo, na kila siku nilikuwa nikivisifu mbele ya wateja hadi mate yakanikauka. Sasa familia yangu mwenyewe ilikuwa imepata. Nilijiona nimepanda cheo.

Mashine ilikuwa na spika za mtu mmoja. Mwenye akili angesema tugawane, sikio moja huku, jingine kule. Lakini nyumbani kwetu mtu hakuchomoa kitu kwenye sikio la Baba, na Baba hakutaka kusikia nusu ya mwanawe. Kwa hiyo tukasikiliza kwa zamu, kwa ukubwa, kama tulivyofanya kila jambo. Kila mmoja alipomaliza, aliyefuata alibonyeza kitufe kile kile ili aanze mwanzo. Tuliamini anaanza mwanzo.

Mama alisikiliza muda mrefu kuliko wote. Alipozivua alikuwa mtulivu kabisa. "Anarudi," alisema. "Kwanza kasema kasaini, halafu kasema tukifute alichosema mwanzo, halafu kasema anarudi. Mzee, hukusikia hadi mwisho."

"Nimesikia hadi mwisho," Baba alisema. "Kwanza kasema anarudi, halafu kasema tukifute, halafu kasaini."

"Basi mmoja wetu kiziwi."

Hapo wote wakanigeukia. Nami ndiye mwenye kazi ya mambo hayo, ningekosaje kujua? Nikavaa spika, nikabonyeza. Kitu cha kwanza nilichosikia ni mlango wa lifti ukifunguka na kufungwa, na Kaka akicheka, akisema, "Mnaisikia? Hii nimeifunga mimi." Kisha akasema, kwa sauti nyingine, nzito, kama mtu aliyeamka vibaya: "Jamani, kile nilichosema mwanzo kifuteni." Nikashtuka. Mwanzo nilikuwa nimesikia lifti tu. Tufute lifti? Kisha akatusalimia. Kisha akasaini. Kisha akasema anarudi. Kisha akasema, "Basi, nasubiri neno lenu," na kukawa kimya.

"Enhe?" Baba aliuliza.

"Sijui," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo kuhusu mashine, na Baba aliniangalia kwa huruma.

Tulijaribu simu. Bweni alilokaa Kaka lilikuwa na simu moja ya ukumbini. Baba alitoka akaenda kupiga, na mtu aliyepokea alisema maneno mengi kwa lugha ambayo Baba hakuijua, kwa upole sana, kisha akakata. Baba alirudi akasema bila shaka mtu huyo alikuwa anathibitisha habari za mkataba. Mama akasema bila shaka alikuwa anasema Kaka amekwenda kukata tiketi.

Nyumba yetu ikawa na habari mbili chini ya paa moja. Baba, aliyefanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha chapa tangu ujana wake, aliwatangazia wenzake kwamba mwanawe amekuwa msimamizi ughaibuni, wakampongeza. Mama alifua mapazia ya chumba cha Kaka, akatoa godoro juani, akamwambia jirani. Mtu akikutana na jirani huyo asubuhi alipewa hongera ya kurudi, na akipita kiwandani alipewa hongera ya kubaki. Shangazi, ambaye kwa kawaida hakosi upande, alijitia hamnazo. Na mimi nilikuwa nikiamka nikiwa nimeamini hili, nikilala nimeamini lile.

Dukani nako visahani vilikuwa vimetugomea. Dereva wa teksi alikigeuza kimoja mkononi, akasema, "Gari yangu ina mdomo wa kaseti. Hiki nitakiweka wapi?" Msichana wa saluni alikipenda sana, akasikiliza wimbo mzima, kisha akauliza, "Nikimwazima rafiki yangu, atakisikilizia wapi?"

"Kwako," Besi alisema.

"Basi hapo hajaazima. Kaja kunitembelea."

Besi alikirudisha kisahani kwenye katoni. Msichana alipoondoka aliniuliza mimi, kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Hebu niambie. Sauti ni safi, hakikatiki, kinaingia mfukoni, wimbo unaoutaka unaurukia papo hapo. Kibaya kiko wapi?" Sikukiona. Tulikaa pale kaunta, watu wawili tuliojua kazi yetu, tukitazama kitu kizuri ambacho hakuna aliyekitaka.

Ili kuwavutia wapita njia alikuwa akiunganisha mashine na spika kubwa za duka. Siku moja niligundua kuwa nyimbo hazikuwa zikija kwa mpangilio niliouzoea. Nilidhani amebadilisha kisahani. Akacheka. "Ni kile kile. Kuna kitufe hapa, unakibonyeza kinachanganya. Kama karata. Kila ukianza, kinaanza kivyake."

Nadhani nilimtisha jinsi nilivyomshika mkono. "Na kikishabonyezwa?"

"Kinabaki hivyo hivyo mpaka ukitoe. Una nini wewe?"

Aliniazima waya wa kuunganisha mashine na redio, nikaenda nyumbani karibu nikikimbia. Niliwakalisha wote sebuleni, nikawaeleza. Kaka alipokuwa akirekodi alisimama na kuanza tena mara kadhaa. Kila aliposimama mashine ilikata kipande. Na vipande vile tulikuwa tukivisikia vimechanganywa, kila mtu mchanganyiko wake. Hakuna aliyedanganya. Hakuna kiziwi. Baba na Mama walitazamana, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikamwona Baba akimsogezea Mama kiti.

Nikakitoa kile kitufe. Sauti ya Kaka ikajaa chumbani kama zamani. Alitusalimia, mmoja mmoja. Akasema ameamua kurudi, mwisho wa mwaka tutamwona mlangoni. Akatusikilizisha lifti yake. Akasema wamempa usimamizi, amesaini, hatarudi kwa sasa. Akasema, "Jamani, kile nilichosema mwanzo kifuteni." Akasema anasubiri neno letu.

Tukakaa.

"Si mmesikia?" Baba alisema. "Mwanzo alisema anarudi. Ndicho anachotaka tukifute. Mambo yanafuatana."

"Kalisema hilo baada tu ya kusema kasaini," Mama alisema. "Ndicho anachokifuta. Msikilize sauti yake, Mzee. Hiyo si sauti ya mtu aliyefurahi kupanda cheo."

Tulisikiliza tena, na tena. Nikiisikiliza kwa sikio la Baba, Kaka alikuwa anabaki. Nikiisikiliza kwa sikio la Mama, alikuwa anarudi. Kesho yake Besi alinimaliza kabisa. Alisema kwa mashine hizo mtu anaweza kukibeba kipande cha mwisho akakiweka cha kwanza, bila alama yoyote kubaki. Kwa kaseti, la mwanzo lilikuwa la mwanzo hata ungefanyaje. Kwa kile kisahani, hakuna aliyeweza kuapa kwamba Kaka aliyasema kwa mpangilio ule. Nyumbani sikulisema hilo. Walikuwa wamechanganyikiwa ya kutosha.

Likabaki suala la kumjibu. Mashine ilikuwa na kipaza sauti chake, nikakitayarisha, nikambonyezea Baba. Mama akainua mkono.

"Ya kwake yamefika vipande vipande," alisema. "Na yangu je? Ayapate vipande vipande, achague anachotaka?"

Alikwenda mwenyewe kabatini akatoa kaseti mpya. Basi tukamjibu kwa kaseti, sote tumeizunguka redio. Baba alimpongeza kwa cheo, akamwambia asiwaangushe waliomwamini. Shangazi alimwambia avae vizuri na asioe kwa pupa. Mimi nilisema mambo ya duka, nikamsifia mashine, kwa kukosa la kusema. Kisha ikawa zamu ya Mama. Nilikuwa nimekaa karibu naye, naye alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. Nilijua atakalosema. Chumba kilikuwa tayari, mapazia yametundikwa.

"Mwanangu," alisema, "sisi hatujambo. Wewe fanya unaloona ni sawa." Akanipa ishara nizime.

Nilimfuata jikoni. Nilikuwa na hasira, nami sikujua ni hasira ya nini. "Mama, mbona hukumwambia arudi?"

Alikuwa akisuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi. "Na kama Baba yako ndiye aliyesikia vizuri? Keshasaini, ana furaha yake, halafu mimi nimwambie rudi? Nitakuwa nimemfunga kamba. Ningekuwa na hakika ningesema." Akageuka kuniangalia. "Wewe una hakika?"

Sikuwa nayo.

Kaseti ilikwenda. Mwisho wa mwaka ulifika, na kila tuliposikia hodi Mama alikuwa wa kwanza kusimama, kisha akawa wa pili, kisha akaacha kusimama. Kaka alibaki huko. Simu za mkononi zilipoingia alipiga mara kwa mara, wakaongea hali ya hewa na magoti, na habari za kurudi hakuna aliyezigusa. Baba alifariki Kaka akiwa huko. Besi alifunga duka, na ile katoni sijui iliishia wapi.

Kaka amekuja sasa. Alifika na masanduku mawili, ambayo kwa mgeni ni mengi na kwa anayehama ni machache. Nywele zimemwishia juu, anatembea kwa kutegea ule mguu wake. Tulimpokea kwa furaha na machozi, na baada ya furaha kila mtu akaanza kuyatupia macho masanduku. Hakusema amekuja kwa muda gani. Nasi hatukumuuliza.

Jana jioni tulikuwa tumekaa kizingitini, yeye na mimi, Mama yuko jikoni. Sijui kilichonituma. Nikamwuliza habari za kile kisahani. Nikamweleza kitufe, zamu zetu, Baba na kiwanda chake, Mama na mapazia. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Kitufe nilikibonyeza mwenyewe," alisema.

Nikamtazama.

"Sikuwa nimeamua, mdogo wangu. Siku nikisema narudi, siku nikisema nabaki, na zote nilikuwa nasema kweli. Nikashindwa kufuta hata moja. Nikasema, basi, naichanganya, litakalomfikia Mama ndilo nitakalolifanya." Alijipapasa goti. "Nikijua atanijibu kwa lile alilolisikia."

"Alisikia unarudi."

Aligeuza uso kuelekea barabarani. "Alinijibu nifanye ninaloona ni sawa," alisema. "Nilikuwa nangoja neno moja tu. Nililisikiliza lile jibu lake mpaka kanda ikachakaa. Nikasema, ah, kumbe wameshanizoea nikiwa mbali."

Nilitaka kumweleza ya jikoni, vikombe, ile kamba. Nilishindwa nianzie wapi, maana kila nilipoanzia palikuwa na kipande kingine kilichopaswa kutangulia. Nikasimama, nikaingia ndani.

Mama alikuwa ameinamia jiko. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini alinijua kwa hatua. Aliteremsha sauti. "Anaondoka lini?"

"Muulize."

"Muulize wewe. Mimi nikimuuliza atadhani namfukuza. Au atadhani namzuia." Akachochea sufuria. "Wewe unaonaje? Yale masanduku unayaonaje?"

Nilirudi nje. Kaka alikuwa pale pale, hajainua hata kichwa, na aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Mama anasemaje?"

"Anasema usiondoke," nikasema.

Hapo ndipo aliponiangalia. "Kasema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo," nikasema, kwa sauti kubwa, sauti ya kuvuka mlango na ukuta, ili na Mama asikie huko jikoni. Nafasi ilikuwa yake kama alitaka kukanusha. Hakukanusha.